Kichwa cha Zipu Mbele ya Mkaguzi

Ndugu msomaji, kama umevaa koti lenye zipu, lishike kidogo. Katika mkoa wetu wa Songwe koti si pambo. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbozi na Ileje humfanya hata kijana ajikunyate. Sasa vuta zipu juu. Haya, ivute tena chini. Kile kidude kidogo unachokivuta ndicho tutakachokizungumza leo. Tutakiita kichwa cha zipu.

Kidude hiki ni kidogo, lakini kimeandikiwa hati nyingi sana za serikali duniani. Kila hati ilianza na mtu aliyesema: hiki nimekivumbua mimi. Na upande wa pili wa meza alikaa mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuuliza: kweli? Mtu huyo wa pili anaitwa mkaguzi wa hataza.

Hataza ni nini? Hataza ni hati ambayo serikali humpa mvumbuzi. Hati hiyo inamwezesha kuwazuia watu wengine wasitengeneze, wasiuze wala kuingiza nchini kitu alichokivumbua bila ruhusa yake. Lakini haidumu milele. Ina miaka yake, na miaka ikiisha kila mtu yuko huru. Tena mvumbuzi haipewi bure. Lazima aeleze kwa maandishi na kwa michoro jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, asifiche. Ni mapatano: wewe unafundisha watu, nao wanakuachia uvune kwanza.

Kichwa cha zipu hufanyaje kazi?

Hatuwezi kuelewa kazi ya mkaguzi kabla ya kukielewa kitu chenyewe. Chukua zipu ya meno ya chuma. Tazama jino moja kwa karibu. Upande mmoja lina kinundu, upande wa pili lina kishimo. Meno yamepangwa kwenye tepe mbili za kitambaa, ya kulia na ya kushoto, na hayakupangwa yakabiliane. Jino la kulia linaelekea nafasi iliyo kati ya meno mawili ya kushoto.

Sasa tazama kichwa. Kina mabamba mawili, la juu na la chini. Kati yake kuna kabari ndogo inayoyashika. Mbele ya kichwa kuna milango miwili, nyuma kuna mlango mmoja. Kwa hiyo njia iliyomo ndani ina umbo la herufi Y, ile uliyojifunza kuiandika kisomoni. Ukivuta juu, kila tepe huingia kwa mlango wake. Njia imepinda, na meno yanapopita kwenye pindo hilo hupanuka kama vidole vya mkono. Jino la upande huu hupata nafasi ya kuingia kati ya meno ya upande ule. Kisha njia hunyooka, kinundu hukaa katika kishimo, basi, meno yameshikana. Ukivuta chini, ile kabari huyatenganisha kama kabari ya kupasulia kuni.

Ndiyo maana zipu nyingi zinazoitwa mbovu si mbovu. Mabamba ya kichwa yamepanuka tu kwa kutumika, hayabani tena. Fundi akiyabana pole pole kwa koleo ndogo, pande zote mbili, zipu hurudi kazini. Na ikiwa nzito, paka mshumaa au sabuni kavu kwenye meno. Hilo nimeliongeza kwa faida ya wenye makoti. Turudi kwa mkaguzi.

Mmarekani aliyetaka kufunga viatu

Mwaka 1891 mtu mmoja wa Chicago, Marekani, jina lake Whitcomb Judson, aliomba hataza. Alikuwa ametengeneza kifaa cha kufungia viatu. Kilikuwa na kulabu na vitundu, na kidude cha kuteleza ambacho kilizifunga kulabu moja baada ya nyingine. Huyo ndiye babu wa kichwa cha zipu.

Maombi yake yalifika kwa mkaguzi msaidizi aliyeitwa Thomas Hart. Nusura ayakatae. Kwa nini? Kwa sababu vifaa vingine vya kufungia viatu vilikuwa vimekwisha kupewa hataza, na vilikuwa vingi. Hart hakusema kifaa kibaya. Hakusema Judson mwongo. Hoja ilikuwa: hiki kinatofautiana vipi na vile vilivyotangulia?

Judson akarudi kazini. Akakirekebisha kifaa, na mwaka 1892 akapeleka maombi ya pili. Tarehe 29 Agosti 1893 akapewa hataza mbili kwa siku moja, namba 504,037 na namba 504,038. Mwaka huohuo kifaa kilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago, lakini wanunuzi hawakukikimbilia. Kilikuwa kinakwama na kuachia.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kupata hataza si kupata cheti kwamba kitu chako ni kizuri. Mkaguzi hapimi kama kitauzika. Soko ndilo litakalopima.

Zipu ya meno kama tunayoijua leo ilitengenezwa na Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani. Yeye aliziacha kulabu akatumia yale meno yenye kinundu na kishimo. Alipewa hataza mwaka 1917. Na hata kabla ya Judson kulikuwa na Elias Howe, yule aliyepata hataza ya cherehani mwaka 1846. Mwaka 1851 Howe alipata hataza nyingine ya kifaa cha kufungia nguo kwa vibanio vilivyounganishwa kwa uzi. Hakukishughulikia, pengine kwa sababu cherehani ilikuwa inamlipa vizuri.

Wakati ule hataza ya Marekani ilidumu miaka 17. Hesabu mwenyewe: 1917 ongeza 17. Unapata 1934. Mwaka huo ulinzi wa hataza ya Sundback uliisha, na mwaka huohuo Tadao Yoshida alianzisha kampuni yake Tokyo, Japani. Baadaye kampuni hiyo iliitwa YKK. Tazama kichwa cha zipu ya mtumba wowote, huenda utaziona herufi hizo tatu.

Sasa tuje Tunduma

Tuchukue mfano. Mfano huu tumeutunga, lakini mambo yaliyomo ni ya sheria. Tuseme kuna fundi cherehani sokoni Tunduma. Kila siku analetewa makoti ya mitumba na mabegi yaliyoharibika vichwa vya zipu. Ili kuvisha kichwa kipya hana budi kung'oa vile vizuizi vya chuma mwisho wa zipu, na pengine kufumua mshono. Anachoka. Siku moja anatengeneza kichwa ambacho bamba lake la juu linafunguka kama mfuniko. Anakivisha katikati ya zipu, anakifunga, kazi imekwisha. Hakufumua kitu. Bamba analishikiza kwa waya alioukunja kutoka spoki ya baiskeli.

Je, anaweza kupata hataza? Mkaguzi atauliza maswali matatu.

La kwanza: ni kipya? Si kipya Tunduma tu, wala Tanzania tu. Kipya duniani. Mkaguzi hutafuta kwa kompyuta katika hataza za Marekani, Japani, Ujerumani, China na kwingineko. Akikuta mtu amekwisha kukieleza kitu kilekile, hata kama ni miaka 80 iliyopita, hata kama hakikuuzwa hata kimoja, jibu ni hapana. Fundi wetu atasema sikumwiga mtu, nimewaza mwenyewe usiku nikiwa kitandani. Mkaguzi anaweza kumwamini kabisa, na bado jibu likawa hapana. Swali si kama umeiga. Swali ni kama kilikuwapo.

La pili: je, fundi mwingine yeyote mwenye ujuzi wa kazi ile angekifikia bila taabu? Ukichukua kichwa cha shaba ukakitengeneza kwa alumini, au ukakipaka rangi nyekundu, au ukarefusha kishikio ili wenye glavu wakishike, huenda hakuna aliyefanya hivyo kabla yako. Lakini fundi wa kawaida angeweza. Hapo hakuna uvumbuzi. Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linaloleta barua nyingi za kwenda na kurudi.

La tatu: kinaweza kutengenezwa na kutumika katika kazi yoyote, iwe kiwandani au shambani? Kichwa cha zipu hakina shida hapo.

Kuna jambo jingine linalochanganya watu. Ukitengeneza kichwa cha zipu chenye sura ya twiga, kikafanya kazi kama vichwa vingine vyote, hujavumbua namna mpya ya kufunga. Umebuni sura. Sura nayo hulindwa, lakini kwa usajili wake mbali, siyo kwa hataza. Kwa hiyo jiulize kwanza: jambo langu jipya ni la macho au la kazi?

Mpaka wa maneno

Sehemu muhimu kuliko zote katika maombi ni madai. Madai ni sentensi zinazosema: kuanzia hapa mpaka hapa ni pangu. Ni kama mipaka ya shamba. Anayedai kilima chote atagombana na kijiji kizima, na mwisho atarudi na robo eka au asirudi na kitu.

Tuseme fundi wetu ameandika hivi: "Nadai kichwa cha zipu chenye bamba linalofunguka, ili kivishwe bila kung'oa vizuizi." Mkaguzi atafungua kumbukumbu zake. Atakuta kwamba vichwa vya zipu vya kufungua na kufunga vipo, vingine vina skrubu ndogo ya kubania. Ataandika barua: dai hili si jipya.

Barua hiyo si mwisho wa safari. Watu wengi hudhani wamekataliwa, wanaitupa kabatini. Kumbe mkaguzi anakupa muda wa kujibu au kurekebisha. Fundi anaweza kupunguza shamba lake, akaandika: "Nadai kichwa cha zipu ambacho bamba lake hushikwa kwa waya mmoja uliokunjwa, na waya huohuo huingia kati ya meno kuzuia kichwa kisiteleze wakati hakivutwi." Sasa dai ni dogo, lakini lina mipaka inayoonekana. Kama mkaguzi hakuona waya wa namna hiyo kokote, na anaona si jambo la wazi kwa kila fundi, dai linaweza kupita.

Lakini angalia hapa. Fundi anaweza kuutaja ule waya katika barua yake kwa sababu alikuwa ameueleza na kuuchora tangu siku ya kwanza. Kama hakuuandika, hawezi kuuchomeka baadaye. Maombi huhukumiwa kwa yale yaliyomo siku yalipopokelewa. Ndiyo maana mwandishi wa makala haya anaona kwamba daftari la mvumbuzi ni chombo cha kazi sawa na cherehani yake. Andika kila kipande: kina umbo gani, kinashikana na nini, kinakwenda upande gani. Chora kutoka juu, kutoka pembeni, na kikiwa kimepasuliwa katikati. Weka tarehe.

Kaa kimya kwanza

Sikiliza mazungumzo ya fundi wetu na mwalimu wake wa kisomo.

Fundi: Shikamoo, mwalimu.

Mwalimu: Marahaba, fundi. Naona leo uso una furaha.

Fundi: Nimepata zipu yangu, mwalimu. Nakipeleka kichwa hiki Nane Nane, kule Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Watu wakione.

Mwalimu: Vizuri. Na hataza utaomba lini?

Fundi: Nikirudi. Nione kwanza kama watu wamekipenda.

Mwalimu: Utakuwa umechelewa, ndugu yangu.

Fundi: Kuchelewaje? Si kitu changu mwenyewe? Kwani nimejiibia?

Mwalimu: Sheria inauliza kama kitu ni kipya. Kitu kilichoonwa na umati uwanjani si kipya tena, hata kama aliyekionyesha ni wewe.

Fundi: Loo! Na kijana wangu jana amekipiga picha akairusha kwenye kundi la WhatsApp la mafundi.

Mwalimu: Aifute leo hii. Halafu twende tukaulize.

Mwalimu amesema kweli. Kuna misamaha michache katika sheria, kwa mfano kwa baadhi ya maonyesho rasmi, lakini ina masharti na muda mfupi. Usiitegemee. Omba kwanza, onyesha baadaye. Ukilazimika kumweleza mtu, mathalani mhunzi atakayekukatia mabamba, mwandikishiane kwamba ni siri.

Maombi yanapelekwa wapi?

Zamani za mkoloni, hataza ilibidi itolewe kwanza Uingereza, ndipo iandikishwe huku Tanganyika. Sasa tuna Sheria ya Hataza ya mwaka 1987. Kwa Tanzania Bara, ofisi inayohusika ni BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yenye makao yake Dar es Salaam. Huduma zake nyingi siku hizi ziko kwenye mtandao. Zanzibar ina ofisi yake.

Watu wa Tunduma lakini wana swali lao. Ukivuka barabara tu uko Nakonde, Zambia. Hataza ya Tanzania haivuki. Mtu wa Nakonde anaweza kukitengeneza kichwa chako cha zipu na kukiuza Zambia nzima, nawe huna la kumfanya. Utaweza kumzuia tu anapokileta upande huu.

Dawa yake iko Harare, Zimbabwe. Huko kuna ARIPO, shirika la nchi kadhaa za Afrika linaloshughulikia mali za ubunifu. Lilitokana na Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1976. Mwaka 1982 ukaongezwa Mkataba wa Harare kuhusu hataza, na Tanzania ikaingia katika mkataba huo mwaka 1999. Zambia imo. Malawi, majirani wa Ileje ng'ambo ya mto Songwe, imo. Kenya na Uganda zimo. Kongo, ambako malori mengi yanayopita Tunduma yanaelekea, haimo.

Mvumbuzi hupeleka maombi mamoja tu, hata kwa kupitia BRELA, na anataja nchi anazozitaka. Kwanza huangaliwa kama karatasi zimekamilika: maelezo, madai, michoro, muhtasari na ada. Zikikamilika anapewa tarehe, na tarehe hiyo ni mali. Kama mtu mwingine akileta kitu kilekile kesho yake, wewe umemtangulia. Kisha wakaguzi wa Harare huuliza yale maswali matatu. Wakiridhika, kila nchi iliyotajwa huarifiwa na kupewa miezi sita ya kusema kama haiitaki hataza hiyo kwake. Isiposema, hataza inatolewa. Muda wake ni miaka 20 tangu tarehe ya maombi.

Yote haya yana gharama, na kusema kweli si gharama ya mtu wa kuuza zipu tatu kwa siku. Kuna ada ya kuomba, ada ya ukaguzi, na mara nyingi malipo ya wakili wa kuandika madai vizuri. Sioni haya kusema kwamba kwa ujanja mdogo wa kazini hataza inaweza kukugharimu kuliko itakavyokuletea. Kabla ya kutoa hata shilingi, pekua kwanza. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lina maktaba ya hataza kwenye mtandao, iitwayo PATENTSCOPE, na kuitazama ni bure. Kijana mwenye simu na anayesoma Kiingereza kidogo anaweza kukusaidia. Mkipekua jioni moja mnaweza kuokoa fedha za msimu mzima wa kahawa.

Tena upekuzi una faida nyingine. Hataza ambayo miaka yake imekwisha ni somo la bure. Vilevile hataza iliyotolewa Japani tu, na haikuombwa kwetu, haimzuii fundi wa Tunduma kukitengeneza kitu hicho hapa na kukiuza hapa. Hawezi kudai amekivumbua, lakini anaweza kukitengeneza.

Aliyepata hataza naye asilale. Kila mwaka kuna ada ya kuitunza, na kwa hataza ya ARIPO hulipwa kwa kila nchi uliyoitaja. Mwaka huo hauhesabiwi tangu siku ulipokabidhiwa hati. Unahesabiwa tangu ile tarehe maombi yako yalipopokelewa. Iandike tarehe hiyo mahali utakapoiona, kwa maana ada isipolipwa hataza inakufa, na kichwa chako cha zipu kinakuwa cha kila mtu, Tunduma na Nakonde.